Fundi ni wewe, muhuri wa nani?

Nina cheti cha kidato cha nne tu. Kazi gani inalipa sana bila kwenda chuo? (Mbagala)

Swali hili linarudi kila wiki. Mnauliza inayolipa, hamuulizi inajifunzwa miaka mingapi. Niambie kwanza mikono yako inajua nini.

Nafanya wayaringi mwaka wa tisa sasa, ila fomu ya TANESCO nalipia muhuri wa mtu mwingine. (Morogoro)

Kaka, wewe ndiye niliyekuwa namngoja. Umeme hauungwi mpaka fomu ipite kwa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Basi mwenzio mwenye muhuri kakaa kivulini, wewe uko juu ya dari na vumbi, halafu kila nyumba unampelekea chake. Piga hesabu ya mihuri yote uliyolipia mwaka jana, uone kama hasira haitakupanda. Yeye naye anasaini kazi ambayo hajaiona. Nyaya zikishika moto mtatafutwa wote wawili. Nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, uulizie urasimishaji wa ujuzi. Hutarudi darasani miaka miwili: unapimwa kwa kazi, unapewa cheti. Ukishakipata, waulize EWURA daraja gani la leseni linakufaa, kwa maana madaraja yapo kadhaa. Vyeti vya kijiweni achana navyo.

Nachomelea mageti. Naweza kuingia kwenye kuchomelea mabomba? (Tanga)

Unaweza, ila geti halijakufundisha bomba. Ulizia mtihani wa kuchomelea uitwao 6G: bomba linafungwa mshazari, nyuzi 45, na haliruhusiwi kuzungushwa, fundi ndiye anayelizunguka. Kisha kiungo kinakatwa na kupindwa, au kinapigwa eksirei. Geti likiwa na tundu unapiga puti na rangi, mteja anashukuru. Wengi mlisubiri bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, lifike mlangoni ndipo mtafute cheti. Kingetafutwa kabla.

Wakala anataka laki nane anipeleke Qatar kuwa dereva, mkataba utafuata. (Moshi)

Usimpe hata nauli.

Binti yangu anataka kuendesha kijiko. Ataweza? (Kahama)

Mama, kijiko kinaendeshwa kwa vishikizo, hakibebwi mgongoni. Kabla hujalipa ada, uliza atakaa juu ya mashine saa ngapi kwa wiki, na wanafunzi wangapi wanagawana mashine moja. Wakianza kukuonyesha picha za mahafali, chukua mkoba wako uondoke.