Fonti nene ya mikwaruzo: kagua A zako kwanza

Jamani mimi nazipenda sana hizi fonti nene za kona za mviringo, zile zimevimba kama maandazi halafu zimechubuka chubuka kama vile wino haukushika karatasi. Bibi yao ni ile Cooper Black ya 1922, aliichora Oswald Cooper kule Chicago, ila yenyewe ilikuwa safi, hizi za siku hizi zinakuja na uchakavu wake humo humo ndani. Ukiandika tu, bango linaonekana la zamani.

Sasa nikapata kazi ya mama mmoja wa Kongwa anatengeneza siagi ya karanga. Nikamwekea kwenye lebo KARANGA ZA KONGWA, rangi ya udongo, yaani mwenyewe nimejikubali, nikaprinti nikampelekea sokoni Majengo. Akaisogeza karibu na macho, kimya. Halafu akasema, "Mwanangu, mbona hizi A zote zina kovu pale pale?"

Niliishiwa pozi. Hesabu mwenyewe, A ziko tano, na zote zina mkwaruzo mguu wa kushoto na katundu juu. Fonti inarudia picha ile ile kila ukibonyeza, na Kiswahili chetu kimejaa a, kwa hiyo sisi tunaumbuka haraka. Mchapaji wa zamani alikuwa na A za mbao nyingi kwenye droo, kila moja imegongwa kivyake na wino unaikolea kivyake, ndo maana zilikuwa hazifanani.

Dawa yake, angalia kwanza kama fonti ina herufi mbadala, yaani A zaidi ya moja, kila moja imechubuka kivyake. Haina? Geuza maandishi yawe mchoro, ingia A moja moja, huku ziba tundu, kule hamisha mkwaruzo. Siku hizi mimi naandika na fonti safi kabisa halafu nalaza tekscha moja, yaani picha ya mikwaruzo, juu ya neno zima, hapo hakuna kovu linalojirudia.

Na fonti ya mikwaruzo usiipeleke kwenye plota ya stika, ile mashine ya kukata herufi za kubandika, nakuomba! Kile kisu kinakata kila kidoti, nilikaa na sindano nusu siku nachokonoa vinili ya kioo cha bajaji, mgongo ukakakamaa. Maandishi madogo nayo hapana, kwenye viambato mikwaruzo inaonekana vumbi tu, na vumbi Dodoma tunalo la kutosha. Za bure soma leseni, nyingi ni za matumizi binafsi, na kabla ya yote andika Chang'ombe uone, kuna zingine hazina hata hako ka-alama ka ng', unakuta kiboksi kitupu.

Yule mama nilimprintia upya kwa hela yangu. Akaweka kidole kwenye A ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, ndo akafungua pochi.