Mshahara wake mdogo kuliko wangu, nimkubali?
Dada, umesema jamaa mnapendana ila kipato chake kidogo kuliko chako na ndugu zako wanakukatisha tamaa. Hela ina umuhimu bwana, tusidanganyane, kodi ya nyumba hailipwi kwa mahaba, lakini we angalia hicho kidogo anakifanyia nini, maana kuna mtu analipwa vizuri tu na tarehe 10 ashaanza kukopa nauli. Muulize ana madeni gani, kwao nani wanamtegemea, halafu msikilize anavyojibu, akiwa mkali hapo ndo pa kuogopa. Na kingine, kumzidi kwako mshahara anakuchukuliaje? Kama kila ukilipa kitu anakuita "bosi" kwa kejeli, mmh, hilo liongeeni kabla hamjafunga ndoa. Ndugu waache waongee.