Kutubu na pesa ya tajiri
Ndugu, umeuliza kama baada ya kutubu kanisani bado una deni kwa tajiri wako wa duka pale Darajani, uliyekuwa ukimficha sehemu ya mauzo. Unalo. Kitabu cha Hesabu 5:7 katika Biblia kinataka mambo mawili pamoja: kuungama, na kurudisha mali yote ukiongeza sehemu ya tano. Ukichukua 200,000, peleka 240,000. Zakayo mwenyewe, yule mtoza ushuru, alijitolea kurudisha mara nne (Luka 19:8), kwa hiyo hiyo ya tano usiione nyingi. Huna zote? Mtajie jumla kamili siku ile ile, kisha mpangiane kila mwezi kiasi gani. Usianze na "kama nimekukosea". Sema ulichochukua na ulivyokichukua. Awe Muislamu au Mkristo, haki yake ni ile ile.

Wengi hukwama hapa: pesa wanaitia kwenye sadaka ili wasionane na mwenyewe. Ndivyo alivyofanya mfalme Sauli, kubakisha kondoo wanono akasema ni wa dhabihu (1 Samweli 15). Fidia humwendea kuhani pale tu ambapo hata jamaa wa kuipokea hayupo, soma Hesabu 5:8. Tajiri wako yupo. Anaweza kukufukuza kazi, kweli. Nenda hata hivyo, na mwombe mchungaji akuombee kabla hujatoka.