Walimu wa ajira mpya, tungeni maswali kabla hamjafundisha mada

Karibuni sana kazini walimu mnaoripoti vituoni, naomba niwape hili moja maana chuoni huwa linapita mbio mno. Ukifika kwenye mada mpya, kabla hujaandika hata andalio la kipindi cha kwanza, tunga maswali utakayowapimia mwisho wa hiyo mada, yaweke pembeni, ndo upange sasa utafundishaje.

Unakuta muhtasari wa somo (silabasi) unadai kitu kimoja, darasani kinafanyika kingine, jaribio linapima cha tatu, na anayeumia ni mtoto. Chukua barua rasmi kwenye Kiswahili. Kinachotakiwa ni mwanafunzi aandike barua, lakini mwalimu anaorodhesha sehemu za barua ubaoni, wananakili, jaribio la mwezi linakuja na "taja sehemu za barua rasmi", darasa zima linapata themanini na kitu na kila mtu anafurahi. Mtihani wa taifa unamwambia aandike barua ya kuomba kazi na yeye hajawahi kuandika hata moja ikasahihishwa. Jamani huyo sio mzembe, amepimwa kitu ambacho hakufanyishwa.

Mihtasari ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ya 2023 imerahisisha sana hapa, maana jedwali lenye umahiri mahususi (yaani kile mwanafunzi anatakiwa aweze kufanya) na shughuli za ujifunzaji lina pia safu ya vigezo vya upimaji. Wengi wanakopi shughuli wanajaza kwenye azimio la kazi (mpango wa kufundisha mada za muhula), ile safu wanairuka, wakati mi naona ndo ya kusoma kwanza kabisa. Halafu angalieni sana maazimio ya kurithi kwa wenzenu, mtaala mpya ulianza 2024 na unaingia kwa awamu, kwa hiyo shule hiyohiyo unaweza kukuta darasa moja liko mtaala mpya na lingine bado la zamani.

Idadi ya vipindi nayo isiishie kwenye azimio. Kama mada imepewa vipindi 12 kati ya 40 za muhula basi kwenye mtihani wako ibebe kama alama 30 kwa 100. Ukiipa alama 5 kwa sababu tu kuitungia maswali ni kazi, wanafunzi watajua haina maana, na hawatairudia tena.

Baraza la Mitihani wanaweka bure kwenye tovuti yao fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na mifano ya majibu mazuri na mabovu. Hizo taarifa zina faida kubwa kuliko kukusanya pasti pepa tupu, maana unaona watoto wanapotelea wapi na unakwenda kufundisha pale pale.

Mtihani wa ujirani mwema, ule mnaotunga pamoja na shule jirani, ukija na mada ambazo hamjafika, usikimbize mada tatu ndani ya wiki ili zionekane zimeisha. Kaa na mwalimu wa taaluma mapema, kwenye kikao cha kutunga semeni mmefika wapi, na kama mtihani umeshachapwa basi maswali hayo usiyahesabu unapopima maendeleo ya darasa lako.

Walimu wa kidato cha kwanza nawaombea subira hapa. Mtoto kasoma sayansi shule ya msingi kwa Kiswahili (wengi wa shule za serikali wako hivyo), leo anakutana na swali la Baiolojia la mistari minne ya Kiingereza, ukimpa sifuri hujui kama hajui seli au hajaelewa swali. Muulize kwa mdomo kwa Kiswahili. Akijibu vizuri basi shida ni lugha, anza mada inayofuata kwa kufundisha maneno yake, na majaribio ya mwanzo weka michoro ya kutaja sehemu na sentensi fupi, ongeza urefu wa maswali taratibu mpaka muhula wa pili.