Nimonia Kali na Dawa za Steroidi: Zitumike Siku Ngapi?

Swali: Daktari, mdogo wangu anaishi na VVU na amelazwa kwa nimonia ya pneumosistisi. Mbona ameandikiwa prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, ya siku 21, tena kipimo kinapunguzwa?

Jibu: Siku hizo 21 ndizo siku za kotrimoksazoli, dawa inayowaua fangasi wa ugonjwa huo. Fangasi wanapokufa kwa wingi, mabaki yao huichokoza kinga ya mwili na mapafu huzidi kuvimba, ndiyo maana mgonjwa huweza kuzidiwa katika siku za mwanzo za tiba ingawa dawa inafanya kazi. Prednisoloni huutuliza uvimbe huo, nayo hufaa ianzishwe ndani ya saa 72 tangu tiba ianze. Kwa mtu mzima, utaratibu uliozoeleka ni miligramu 40 mara mbili kwa siku kwa siku 5, kisha 40 mara moja kila siku kwa siku 5, halafu 20 mara moja kila siku kwa siku 11 zilizobaki. Hupewa yule ambaye oksijeni imeshuka katika damu; mwenye ugonjwa mwepesi haihitaji.

Swali: Baba alipougua UVIKO-19 alipewa dekisamethasoni, steroidi nyingine, kwa siku 10 tu. Je, alipunjwa?

Jibu: Hakupunjwa. Utafiti wa RECOVERY uliofanyika Uingereza mwaka 2020 ulitumia miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10, au pungufu ya hapo iwapo mgonjwa aliruhusiwa mapema. Vifo vilipungua kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliopumulia mashine, na kwa takriban moja ya tano kwa waliopewa oksijeni pekee, lakini wasiohitaji oksijeni hawakunufaika. Kwa hiyo waliokuwa wakinunua dawa hizo na kuzimeza nyumbani kwa tahadhari, na walikuwa wengi, walijitafutia madhara bure.

Swali: Mdogo wangu akijisikia vizuri siku ya nane, aache?

Jibu: Asiache bila kumwuliza daktari wake, kwa sababu nafuu hiyo huenda inatokana na steroidi yenyewe huku fangasi wakiwa bado hawajaisha.

Swali: Nina kisukari. Nikiandikiwa steroidi, nihofu?

Jibu: Sukari itapanda, hivyo ipimwe kila siku na dawa zako zirekebishwe. Mweleze daktari pia kama uliwahi kuugua kifua kikuu, au kupata minyoo ya strongiloidi, ambayo steroidi huweza kuiachia isambae mwilini.