Mchicha sawa, ila muulize na enaji

Dada uliyeuliza kama mdogo wako wa chuo anunuliwe vidonge vya antioksidanti (vile viini vya kulinda seli za mwili, kama vitamini C) ili alale vizuri, mi ningesema hiyo hela mpe anunue mboga. Ni kweli tafiti nyingi zinaonesha wanafunzi wanaokula mboga zaidi ndo hao hao wanaolala vizuri, ila anayekesha ndo huyo huyo anayemalizia na chips mayai saa sita usiku, sasa kipi kimeleta kipi? Vidonge ndo kabisa, kule Finland waliwapa wavuta sigara vidonge vya beta-karotini, antioksidanti iliyomo kwenye karoti na mboga za majani, majibu yakatoka 1994, saratani ya mapafu badala ya kushuka ikapanda kwa asilimia 18!

Mboga nayo ipikwe vizuri basi, maana mchicha ukichemshwa weee halafu maji yakamwagwa, vitamini C nyingi imeenda na yale maji. Osha kabla ya kukata, tia kwenye kitunguu na nyanya na mafuta kidogo dakika chache tu, karotini inataka mafuta ndo mwili uifyonze. WHO wanasema angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, boom (ile hela ya mkopo wa chuo) likikata najua ni ngumu, ila fungu la matembele halijawahi kumfilisi mtu.

Halafu muulize vile vinywaji vya enaji anakunywa saa ngapi. Kafeini iliyomo humo, masaa kama matano baadaye nusu yake bado imo mwilini, akinywa saa mbili usiku atahesabu mabati tu.