Kipima gesi melini: kinakusomea hewa iliyofika puani mwake tu

Mdogo wangu, umeuliza mambo mawili. Unapanda meli ya shehena kavu mwezi ujao kama kadeti, na umesikia meli nyingine zina mitambo ya kudumu ya kunusa gesi. Sasa hivi vidogo vya mkononi vya nini tena? Halafu, je, ununue chako mwenyewe? Waliotangulia wamekuambia nunua tu, uhai hauna bei. Mimi nakuambia usinunue, na sababu nitakupa. Ila nianze na jambo lililonifundisha kifaa hiki, kwa sababu chuoni nilikishika na cheti nikapata, bila kukielewa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimeanza bahari 2009 kwenye meli za makaa ya mawe na nafaka, nikakaa miaka minne kwenye meli za mafuta kama mtu wa pampu, na leo ni bosani, kiongozi wa mabaharia wa sitahani, serahangi kama wazee wetu walivyomwita. Mwaka 2013 tulipakia makaa Richards Bay, Afrika Kusini, tukayapeleka India. Tulipofika, vifuniko vya holdi, yaani vyumba vya shehena, vilifunguliwa na upakuaji ukaanza. Siku ya pili ikabidi mtu ashuke kwenye njia ya ngazi ya holdi namba 3, ule mnara mwembamba wenye mlango wake juu ya sitaha, akaangalie kama makaa yameziba chini. Kila mtu aliona hewa imeshakuwa safi, maana holdi iko wazi na jua linaingia mpaka chini. Hakuna aliyekumbuka kwamba ule mnara wenyewe ulikuwa umefungwa safari nzima.

Ofisa wa tatu alifunga kipima gesi kwenye kamba, akakishusha, akahesabu mpaka kumi, akakivuta juu. Kioo kikasoma oksijeni asilimia 20.9, sawa na hewa ya kawaida. "Sawa, shuka." Mwenzangu akashuka. Hakufika hata mita tano, nikaona mkono unaachia ngazi. Alikuwa amevaa mkanda wenye kamba kwa sababu bosani wetu wa wakati huo, mzee mmoja mkali, hakukubali mtu ashuke bila kamba hata kama ofisa kasema sawa. Watu watatu tulimvuta. Alizinduka akiwa sitahani, midomo imebadilika rangi, haelewi yuko wapi.

Jioni chifu ofisa alifungua kumbukumbu ya kile kifaa. Kiwango cha chini kabisa kilichonaswa kilikuwa asilimia 11 na kidogo. Maana yake kengele ililia kule chini, sisi hatukuisikia kwa kelele za winchi na mabeseni ya kuchotea makaa, na kilipopanda juu kikavuta hewa safi na kurudi 20.9. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilisema kweli mara mbili, sisi tukasikia mara moja. Tena hiyo 11 yenyewe haikuwa mwisho wake: sensa nyingi, yaani vihisio vya gesi vilivyo ndani ya kifaa, zinahitaji karibu nusu dakika kutulia kwenye hewa mpya, na sisi tuliipa sekunde kumi. Huko chini hali ilikuwa mbaya kuliko namba ile. Chini ya asilimia 10 mtu anazimia. Ikishuka zaidi pumzi chache tu zinamwangusha, bila kukohoa wala kuhisi kukabwa.

Ndiyo maana nasema kifaa kinakusomea hewa iliyofika puani mwake, kwa dakika ile, basi. Kazi kubwa ni kuifikisha hewa ya mahali unapokwenda kwenye ile pua, wewe ukiwa bado nje. Inafanywa kwa pampu na bomba. Unateremsha bomba, unapima juu, katikati, chini, na pembeni kama panafikika. Metani ni nyepesi kuliko hewa, inakaa juu. Haidrojeni salfaidi na mvuke wa mafuta ni nzito, zinalala chini. Kaboni monoksaidi inakaribiana uzito na hewa, utaikuta popote. Kwa bomba la mita kumi mimi nasubiri dakika nzima kila kimo kabla ya kuamini namba. Mwongozo wa kifaa utakupa muda wake. Usipunguze, hata kama ofisa amesimama nyuma yako anaangalia saa. Na hakikisha ncha ya bomba haijaingia majini, kwa sababu pampu ikivuta maji umeua kifaa.

Kukiwasha nako kuna namna yake. Vifaa vingi vikiwaka vinaweza kujiwekea sifuri kwa hewa viliyoikuta. Ukikiwashia mlangoni pa tangi, au kwenye moshi wa bomba la meli, kitachukua uchafu ule kuwa ndiyo hewa safi, na kuanzia hapo namba zote ni za uongo. Kiwashe sitahani, joshini, mbali na kila tundu.

Kisha kijaribu kwa gesi ya chupa kabla ya kazi, uone kila sensa inapanda na kengele inalia. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu kioo kinaonyesha sifuri na kila kitu kinapendeza. Sifuri ya hewa salama na sifuri ya sensa iliyokufa zinafanana kabisa. Kwenye meli moja ya mafuta tulikuwa na vipima viwili vilivyohifadhiwa kabati moja na makopo ya dawa ya kupuliza yenye silikoni. Ile silikoni inaua sensa ya gesi ziwakazo, ya aina inayochoma gesi kidogo kidogo ndani yake. Tulipovipulizia gesi ya majaribio, oksijeni na kaboni monoksaidi zilijibu, upande wa gesi ziwakazo ukabaki sifuri kwenye vyote viwili. Vilikuwa na vyeti halali ukutani. Tangu siku hiyo sikubali kabati la vipima liwekwe kitu kingine chochote.

Sensa hiyo hiyo ina udhaifu mwingine unaokuhusu wewe wa makaa: inahitaji oksijeni ili ichome. Ndani ya holdi ambamo makaa yameila oksijeni, au tangi lililojazwa gesi ajizi, yaani isiyowaka, ili kuzuia moto, inasoma pungufu wakati metani ipo tele. Kwa hiyo soma oksijeni kwanza. Ikiwa iko chini sana, namba ya gesi ziwakazo ya sensa hiyo usiitegemee. Inatakiwa kifaa cha mwanga wa infraredi, na meli inayobeba makaa inapaswa kuwa na kinachofaa kupima metani penye oksijeni kidogo. Utashiriki kupima holdi kila siku kupitia vitundu vya sampuli, pamoja na joto na ukali wa asidi wa maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ya holdi. Usiione ni kazi ya kujaza fomu. Kaboni monoksaidi ikipanda siku hadi siku, makaa yanaanza kujichoma.

Sasa mitambo ya kudumu. Kwenye meli yako huenda usiikute holdini. Meli za mafuta ndizo zenye nayo zaidi: chumba cha pampu kinafuatiliwa muda wote, na kengele lazima ilie kabla mvuke haujapita asilimia 10 ya kiwango cha chini cha kuwaka, yaani kiasi kidogo kabisa cha mvuke hewani kinachoweza kushika moto, ambacho kwenye kioo utakiona kimeandikwa LEL. Meli za mafuta zenye ngozi mbili, za tani 20,000 na zaidi, zilizojengwa kuanzia 1 Januari 2012, zina mtambo unaovuta sampuli kutoka matangi ya maji ya uzani na nafasi zilizopakana na matangi ya shehena. Mtambo mmoja unazunguka bomba baada ya bomba, na kanuni inaruhusu mzunguko ufike dakika 30. Namba unayoiona chumba cha udhibiti inaweza kuwa ya nusu saa iliyopita. Isitoshe mtambo huo unatafuta mvuke wa mafuta, haukuambii lolote kuhusu oksijeni. Kazi yake ni kugundua kwamba ukuta wa tangi umevuja wakati ninyi mmelala, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Kumruhusu mtu aingie si kazi yake. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza.

Cha mkononi nacho kina majukumu mawili watu wanayachanganya. Kuna cha kupimia kabla ya kuingia, chenye pampu na bomba. Kuna cha kuvaa kifuani ukiwa ndani, kikutazamie mabadiliko. Hicho cha kifuani kikilia, unatoka. Husimami kutafuta sababu, huzimi kengele umalizie nati mbili zilizobaki.

Na jua kisichoonekana. Kipima cha gesi nne kinasoma oksijeni, gesi ziwakazo, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Hizo ndizo SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inazotaka meli iweze kupima tangu 1 Julai 2016. Ngano inayokuja Mombasa au Dar mara nyingi imefukizwa ikiwa safarini, na fosfini, gesi ya sumu inayotoka kwenye vidonge vya ufukizaji, kipima chako hakina sensa yake. Inahitaji mirija ya kioo inayobadilika rangi au sensa yake maalumu. Ukiona bango la ufukizaji mlangoni, namba nzuri za gesi nne hazikupi ruhusa.

Kununua chako: chupa ya gesi ya kujaribia huwezi kuipandisha ndege, sensa zinazeeka hata kifaa kikikaa begini, na bila majaribio unajivisha imani isiyo na msingi. Meli inawajibika kukupa. Wewe siku ya kwanza muulize chifu ofisa, kwa adabu, akuonyeshe chupa ya gesi na daftari la majaribio. Mazoezi ya kuingia na kuokoa yanatakiwa kila miezi miwili tangu 2015. Yakifika jitolee uwe mtu wa mlangoni, maana huyo ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote.

Ngumu kwa sababu hii. Septemba 2007, Bahari ya Kaskazini, kwenye Viking Islay, mabaharia wawili walizimia kwenye chumba cha mnyororo wa nanga. Kutu peke yake ilikuwa imekula oksijeni. Wa tatu akawafuata akiwa na kifaa cha kupumulia cha kutorokea moto, ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya kuingilia. Wote watatu walikufa. Mei 2014 bandarini Goole, Uingereza, kwenye Suntis iliyobeba mbao, wakafa watatu tena kwenye njia ya kushukia holdi. Uliniandikia pia ukishangaa kwa nini watu wanakatazwa kuingia chumba cha mnyororo "wakati hamna kitu mle". Hamna kitu kweli, hata hewa. Mwenzako akianguka, piga kengele, bana mlango kwa mwili wako, usimruhusu mtu yeyote apite mpaka kikosi chenye mitungi ya hewa kifike. Siku ile ya makaa mimi nilishakanyaga kipago cha kwanza nimfuate rafiki yangu. Yule mzee alinishika kola akanirudisha, akanitia kamba mikononi.

Ukishafika melini niandikie hapa shehena ni gani na kipima chenu ni cha sensa gani, nikuambie kinaona nini na hakioni nini kwenye shehena hiyo.